Kadi Tulizomwandikia Mwajabu

Ugomvi ulianza kabla ubwabwa haujaiva. Ilikuwa arobaini ya Mwajabu, kwao Kibuta, na sisi wanawake tulikuwa uani tunachambua mchele, wanaume wamekaa mbele ya nyumba chini ya turubai, na vijana wamejitenga pembeni na simu zao. Kati yetu na wao palikuwa na ua wa makuti tu, kwa hiyo kila walichosema tulikisikia. "Lebo ilimbania, hakuna kingine," alisema mmoja kwa hasira. "Nasra alibebwa, na kila mtu anajua alibebwa." Mwenzake akamjibu kwamba habari za kubebwa ni visingizio vya walioshindwa. Msanii mkali habaniki, alisema, na kama Mwajabu alikuwa mkali hivyo, mbona mtandaoni hana hata wimbo mmoja, na ule unaopigwa kwenye kila harusi ni wa Nasra? Niliweka ungo chini. Najua kuna maneno ambayo mtu wa umri wangu anatakiwa kuyaacha yapite, hasa kwenye shughuli ya watu. Sikuyaacha. Nilisimama nikamwambia kwa juu ya ua kwamba wimbo anaousema, "Ukirudi Piga Hodi," uliimbwa na mwanamke ambaye kaburi lake analiona kutoka pale alipokaa, na kama hilo hakulijua basi ale ubwabwa wa watu anyamaze. Wanawake wenzangu wakacheka, mmoja akanivuta kanga nikae.

Aliyekuja uani baada ya hapo hakuwa yule kijana. Alikuwa binti anayeitwa Ashura, muuza dawa za mifugo pale Kisarawe mjini, ambaye ndiye kiongozi wa kundi lao la mashabiki kwenye simu. Alinipa shikamoo, akachuchumaa, akaanza kuchambua mchele nami kabla hajasema shida yake, na kwa hilo nikampenda. Kampuni iliyomrekodi Mwajabu bado ipo, alisema, sasa wanaiendesha watoto wa bosi wa zamani na wanaiita lebo, na wimbo wameuweka mtandaoni kwa jina la Nasra peke yake. Yeye na wenzake wameandika barua ya kudai kwamba wimbo wa kwanza, ule wenye sauti ya Mwajabu, utolewe na jina lake lirudishwe. Wamekosa kitu kimoja, shahidi wa wakati ule. "Mama, watu wanasema wewe ndiye uliyekuwa unamshonea magauni. Tusimulie walivyombania, mimi naandika." Nilimwambia nitamsimulia, lakini nikianza sitaishia pale anapotaka yeye. Akasema hakuna neno. Hakujua anakubali nini, maskini.

Nilikozaliwa na aliyenilea sitaviandika hapa, havina mchango kwenye habari hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini nilipoingia Kongowe, ile ya Kibaha, kujifunza ushonaji kwa Mama Chausiku. Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na cherehani tatu, mbili zinafanya kazi na ya tatu inatoa vipuri vya kuzitibu zile mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na dirisha la nondo ambalo wapita njia waliegemea kupiga soga mpaka rangi ya ukuta ikabanduka. Juu ya mlango wa kuingilia ndani palikuwa na rafu, na juu ya rafu redio, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Redio ile haikuguswa na mkono wa mtu isipokuwa Mama Chausiku. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi kwa mihogo ya kuchemsha. Mchana alileta sinia moja la ubwabwa na kisamvu cha nazi, tukasogeza vitambaa pembeni tukala pale pale mezani, na kwa kuwa meza haikuwahi kufutwa sawasawa, nyuzi ziliingia kwenye chakula. Nilikula nyuzi nyingi mwaka ule, na sijui kama nimewahi kula vizuri zaidi.

Mama Chausiku alikuwa mpiga salamu. Vijana wa leo lazima waelezwe. Ulinunua kadi dukani, ukaandika majina ya unaotaka kuwasalimu, ukaandika wimbo unaoutaka, ukaituma kwenye kituo cha redio mjini, na baada ya siku kadhaa, alasiri, mtangazaji aliisoma nchi nzima ikasikia. Kila mpiga salamu alikuwa na jina lake la redioni. Mama Chausiku alijiita Mkasi Mkali wa Kongowe, na mimi wiki ya pili tu akanipachika jina la Uzi Mweupe, kwa sababu nilikuwa mwembamba na mwandiko wangu ulikuwa safi. Kutokana na mwandiko huo, kazi ya kuandika kadi ikawa yangu. Na niliifundishwa kama nilivyofundishwa kupima kiuno: usimwache mtu. Kumwacha mtu kwenye kadi lilikuwa tusi. Kulikuwa na jirani yetu aliyesahaulika kwenye kadi ya Idi, na tangu siku hiyo akawa anapita upande wa pili wa barabara mpaka Idi iliyofuata. Kwa hiyo tulibana majina, tukajaza mistari yote, na chini kabisa ya kadi, kwenye kale kamstari kafupi ka mwisho, tukamweka yule aliyekumbukwa mwishoni. Watangazaji walishazoea. Walisoma majina yote mpaka la chini, halafu wakapiga wimbo.

Ubishi juu ya waimbaji ulikuwa wa kila siku, na mbishi mkubwa alikuwa Kassimu, fundi baiskeli aliyefanya kazi ng'ambo ya barabara na kuhamia dirishani kwetu kila alipokosa mteja. Kassimu alikuwa wa Nasra mpaka kwenye mifupa. Nasra na Mwajabu wote walikuwa chini ya kampuni moja, wote waliimba ule muziki wa taratibu wa kutoka kifuani ambao wenyewe mjini waliuita soul, na nchi ilikuwa imegawanyika. "Nasra ana kila kitu," Kassimu alisema, mkono wenye grisi umeshika nondo ya dirisha. "Sauti anayo, sura anayo, jukwaani anajua. Huyo wenu akiimba utadhani anasoma hitma." Mama Chausiku hakuinua hata kichwa kwenye cherehani. "Wimbo wa Nasra unausikiliza umesimama, unaendelea na shughuli zako. Wa Mwajabu lazima ukae." "Nikae nifanye nini, mama?" "Ukae ufikirie madhambi yako, Kassimu. Unayo." Nilicheka mpaka nikachoma kidole. Nilikuwa bado sijachagua upande, nasema kweli. Nilichagua siku Mwajabu alipoingia mlangoni mwetu mwenyewe, na kitambaa cha bluu chini ya kwapa.

Mtu aliyekuwa anamshonea mjini alikuwa amemharibia gauni mara mbili, na mtu mmoja wa Pangani, hii ya Kibaha jirani na sisi, akamwambia Kongowe kuna mama hakosei. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mabega mapana na uso usiotabasamu kwa kulazimishwa. Kumpima ilikuwa kazi yangu. Futi iliniponyoka, akaiokota yeye. Mama Chausiku, ambaye alikuwa amemtetea miezi na miezi dhidi ya Kassimu, alishikwa na haya asiseme neno mpaka wakati wa chakula, na hapo neno lake la kwanza likawa kumwomba radhi kwa nyuzi kwenye ubwabwa. Mwajabu alikula sana, kwa mkono, akaomba ukoko. Alituambia yeye ni wa Kibuta, na kwamba hiyo soul wanayoisema hakuifundishwa na sahani za santuri za mtu yeyote. Aliipata kwenye kasida, kwa mwalimu wake wa madrasa, na kwenye ngoma za kumcheza mwali alizoimba na shangazi zake. "Waliponisikia mjini wakasema ina jina," alisema. "Mimi nikasema haya, na iwe na jina."

Alirudi mara tatu kwa ajili ya gauni lile, na mara ya tatu alikuwa amekasirika. Alikuwa ametunga na kurekodi "Ukirudi Piga Hodi," wimbo wa mwanamke anayemwambia mume aliyeondoka kwamba akirudi atarudi kama mgeni yeyote, asimame nje asubiri kuitikiwa. Bosi wa kampuni aliusikia, akaupenda, akampa Nasra naye aurekodi. Alimwita Mwajabu ofisini akamwambia hana upendeleo, wasikilizaji ndio waamuzi. Rekodi zote mbili zimepelekwa redioni. Mpaka Ramadhani itakapoingia, atakayekuwa ameombwa zaidi, wimbo ni wake, na kaseti itatoka kwa jina lake na picha yake. "Hana upendeleo," Mwajabu alirudia, amesimama katikati ya chumba na gauni la bluu lenye pini. "Picha za Nasra zimebandikwa kila ukuta wa mjini, yangu haijapigwa. Lakini hana upendeleo." Hakuwa na kaseti hata moja yenye jina lake. Nyimbo zake zote zilitoka kwenye mikusanyiko, wa nne, wa sita, nyuma ya wengine. Hii ndiyo iliyokuwa nafasi yake, na alijua kwamba ikipita haitakuja nyingine. Alipoondoka, Mama Chausiku alizima cherehani, kitu ambacho hakufanya mchana, akaniambia, "Zai, lete kadi."

Sijawahi kufanya kazi kama niliyofanya miezi ile. Mama Chausiku alipeleka habari kwa kila mpiga salamu aliyemjua, Kongowe, Pangani, Mlandizi, hadi Kisarawe na vijiji vyake, na wengi wao hawakuwa na mwandiko wala muda, kwa hiyo wakaleta kadi zao kwetu pamoja na majina. Niliandika asubuhi kabla ya chai, niliandika wateja wakiwa wamesimama na nguo zao. Niliandika majina ya watu waliokuwa hawajasalimiwa redioni tangu wazaliwe, wakulima wa mihogo, bibi zao, wakwe zao, mtoto aliyezaliwa jana. Kwenye mstari wa wimbo niliandika kwa herufi kubwa, "Ukirudi Piga Hodi." Kwenye mstari wa chini kabisa nilimweka mtu wa mwisho, kama nilivyofundishwa. Nilijiona askari. Kila nilipofunga bahasha nilimwambia bosi yule kimoyomoyo, unataka wasikilizaji, haya, wasikilizaji hawa hapa.

Redioni kadi zilisomwa. Mungu wangu, zilisomwa. Alasiri chumba kilijaa, watu wamekaa hata juu ya cherehani mbovu, na mtangazaji akataja Mkasi Mkali, akataja Uzi Mweupe, akataja watu wetu mmoja mmoja mpaka wa chini kabisa, watu wakapiga vigelegele kwa majina yao, halafu akasema, "na wameomba Ukirudi Piga Hodi," na ikaingia sauti ya Nasra. Siku ya kwanza tuliguna. Siku ya pili Mama Chausiku akaisemesha redio maneno ambayo sitayaandika. Kufikia wiki ya pili tulikuwa na hakika kwamba mtangazaji amenunuliwa, na jibu letu kwa mtangazaji aliyenunuliwa lilikuwa kuandika kadi zaidi. Kadri alivyompiga Nasra ndivyo tulivyoandika. Siku moja akasema hewani, kwa furaha kabisa, kwamba watu wa Kibaha na Kisarawe wanaongoza nchi nzima kwa kuupenda wimbo huu, na Kassimu alikuwa dirishani akatupigia makofi. "Msinichukie," alisema. "Wenye nchi ndio wameamua."

Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi wa Ramadhani uandame. Kassimu alikuja na kadi mkononi, ya kwanza kununua maishani mwake. Mama yake alikuwa anaumwa, alitaka kumsalimu, na mikono yake ilikuwa na grisi. "Dada Zai, niandikie. Najua ni kadi ya adui, lakini mama ni mama." Nikaichukua. Nikaandika jina la mama yake, akasema basi, hana mwingine. Nikaandika wimbo, ule ule. "Na hapo chini andika Nasra," akasema. Nikamwambia hapo si pa hivyo, hapo ni pa kuongezea mtu, yeye anamsalimu Nasra kwa lipi? Kassimu akaingiza kichwa kwenye nondo akaitazama kadi, akanitazama mimi, si kwa dhihaka. "Dada Zai, hapo pameandikwa nini?"

Pameandikwa "Mwimbaji." Kwa herufi ndogo, za kupauka, mwanzoni mwa mstari, mahali ambapo macho yangu yalikuwa yamepita mara mamia bila kutua. Kadi zote zilikuwa hivyo tangu siku nyingi. Wapiga salamu wa kwetu walishalichukua shamba lile wakalipanda watu, na aliyenifundisha alifundishwa hivyo hivyo, na watangazaji wakazoea kulisoma kama jina la kusalimiwa, kwa sababu nani angemwacha bibi yake ili amweke mwimbaji? Wimbo ulipokuwa na mwimbaji mmoja haikudhuru kitu. Sasa ulikuwa na wawili. Kwa mtangazaji, kadi isiyotaja mwimbaji ilikuwa inaomba ule uliokuwa juu mezani kwake, na ule uliokuwa juu ni ule uliokuja na picha na kalenda za kampuni. Kila kadi niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko ule uliosifiwa, ilihesabiwa kwa Nasra. Kassimu, ambaye hakujua desturi zetu, alikuwa mtu wa kwanza Kongowe nzima kuijaza kadi kama ilivyochapishwa.

Mama Chausiku nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliona sistahili kukaa. Alichukua mkasi, akauweka, akauchukua tena. Tuliandika upya siku mbili mfululizo, kila kadi na Mwajabu chini yake, tukijua kwamba posta haitazifikisha. Kisha akaniambia, "Hili lifie hapa hapa. Watu wakilijua watacheka, na bosi akilijua atalala usingizi mzuri." Ramadhani ikaingia. Kaseti ikatoka, na juu yake Nasra anatabasamu. Kongowe, Pangani, Mlandizi, kila mahali watu waliapa kwamba kampuni imenunua redio. Niliwasikia dirishani kila siku wakiapa, na mimi nikapinda nguo nikanyamaza. Nilijichukia. Nilikuwa na miaka ishirini na nilidhani nimemuua mtu.

Baada ya Idi nilishindwa. Nikaenda Kibuta bila kumuaga Mama Chausiku vizuri, nikaulizia, nikampata Mwajabu jikoni kwake anasonga bada, ule ugali wa muhogo, na kanga imemganda mgongoni kwa jasho. Nilimweleza yote nikiwa mlangoni. Hakuacha kusonga, kwa sababu bada ukiiacha inashika. Alipoipua ndipo akaniuliza, "Kwa hiyo watu wote hao walisalimiana kwa wimbo wangu?" Nikasema ndiyo. "Mpaka wakwe?" Mpaka wakwe. Akacheka, kicheko kifupi, halafu uso wake ukawa ule wa siku zote. "Sikiliza, Zainabu. Siku narekodi wimbo ule, bosi alikuwa amekaa mbele yangu, kiti na kiti. Analia. Mwanamume mzima analia na leso. Huyo alihitaji kadi ili ajue nani kauimba? Aliyempa Nasra wimbo wangu si wewe. Aliyebandika picha za mwenzangu si wewe. Ulikosea, na usije ukaniambia hukukosea, mimi sipendi mtu wa kujitakasa. Lakini kosa lako ni lako. Usimpe bosi ajifunikie." Kisha akanimegea bada na dagaa wa nazi, na nikala huku nalia, na hakuniambia ninyamaze wala hakunibembeleza.

Nilimwona akiimba mara moja tena kabla mwaka ule haujaisha, kwenye harusi Kisarawe mjini, mchana, gauni ni lile la bluu. Mkataba ulimzuia kurekodi kwingine, na kampuni haikumwita tena, kwa hiyo alikuwa ameanza kuimba kwenye shughuli za watu, kazi aliyoifanya mpaka mwisho wa maisha yake. Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mchangamfu asiyejua lolote, akapaza sauti, "Mwanangu, tuimbie ule wa Nasra!" Sisi tuliojua tukainamisha vichwa. Nilitamani ardhi inifungukie. Mwajabu alimtazama yule mama, akawaambia wapigaji wasubiri, akasema kwenye kipaza sauti, "Wa Nasra siujui. Ninaujua wangu, unaofanana nao." Akauimba. Mtu akasimama kwenda kuchukua soda akarudi kukaa. Wapishi waliacha masufuria wakaja na miiko mikononi. Alipomaliza yule shangazi alikuwa analia na kanga usoni, na hakuomba tena wa mtu mwingine siku ile. Watu wanaosema Mwajabu alishindwa hawakuwa kwenye harusi ile. Na mimi sikubali, sikubali hata kidogo, kwamba uimbaji ni ule tu uliobaki kwenye mtandao. Wengi wetu tumetulizwa na sauti zisizo na kaseti.

Haya yote nilimweleza Ashura uani pale Kibuta, mchele ukiwa umeshakwenda chunguni na sisi tumebaki na nyungo tupu. Alikuwa ameandika vizuri mpaka nilipofika kwenye kadi, hapo kidole chake kikasimama juu ya simu. Aliponisikiliza mpaka mwisho alikuwa na wasiwasi, na nilimwelewa. "Mama, samahani, usinielewe vibaya. Hiki kipande cha kadi tukiache. Sisi tunasema lebo ilimbania. Tukiandika kwamba mashabiki wake wenyewe ndio walimpigia kura Nasra bila kujua, watatumia hilo hilo kutumaliza." Yule kijana niliyemfokea alikuwa amesogea, amesimama nje ya ua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakubaliana na Ashura. "Kweli bi mkubwa, hapo unawapa penalti ya bure," alisema.

Waliyosema yalikuwa na akili, na Mama Chausiku alishayasema kabla yao, na alikwenda kaburini ameyashika. Miaka yote nami nilidhani ndiyo maana ya maneno ya Mwajabu: usimpe ajifunikie, yaani ficha. Lakini nimekaa na siri hii tangu nilipokuwa msichana, na ninachojua ni kwamba siri ndiyo iliyowafunika watu wa kampuni. Kwa kuwa sikusema, tumebaki na kelele za kubaniwa na kubebwa ambazo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzicheka, maana zinasikika kama za mtu aliyefungwa mpira akamlaumu refa. Ukweli una meno zaidi. Walikuwa na mtunzi, walikuwa na sauti yake kwenye mkanda, walimsikiliza wakalia, halafu wakajificha nyuma ya hesabu ya kadi za wapiga salamu. Wakiligundua kosa langu wao, litakuwa silaha yao. Nikilisema mimi kwanza, ni langu, nami nalibeba kichwani kama nilivyobeba mengine.

Nilimwambia aandike. Neno kwa neno, kadi, kamstari ka chini, mwandiko wangu, kila kitu, na jina langu kamili na mtaa ninaokaa, maana bado nashona Kongowe na kila anayepita ananijua. Ashura akaandika. Ubwabwa ulikuwa umeshapakuliwa na watu wanatuita, na yeye bado ameinamia simu, anasoma, anarudia kusoma. Mwishowe akainua uso. "Mama, na wakitujibu kwamba hata nyinyi mlimwomba Nasra, niwaambie nini?"

"Waambie aliyeomba yuko hai," nikasema. "Waje wamuulize alikuwa anamtaka nani."